Kabla ya kuihukumu filamu kwa trela yake

Mhariri,

Kurasa za burudani za magazeti yetu, pamoja na mabaraza ya hapa Mombasa kuanzia Majengo hadi Nyali, zimezoea kutoa hukumu ya filamu ambayo haijaonyeshwa popote. Trela, ile video fupi ya kuitangaza filamu, hutoka Jumatatu, na kufikia Ijumaa filamu imeshavishwa taji au imeshazikwa. Sina ugomvi na wanaohukumu kwa trela. Anayelipia tiketi au bando ana haki ya kuchagua mapema. Ninachoomba ni tuhukumu yale ambayo trela inaweza kuyatolea ushahidi, kwa sababu mengi tunayoyapigia kelele hayamo ndani yake.

Kwanza ifahamike ni nani anayeitengeneza. Kwa filamu kubwa za Marekani, trela hukatwa na kampuni maalumu za matangazo, na mara nyingi mwelekezi hana kauli ya mwisho juu yake. Mafundi hao hupewa picha mbichi wakati filamu yenyewe ingali mezani kwa mhariri wake, ndiyo maana trela huwa na vipande ambavyo ukumbini hutaviona. Muziki nao kwa kawaida si wa filamu. Mtunzi wake huwa hajamaliza kazi, pengine hajaianza, kwa hivyo hununuliwa wimbo unaojulikana, ukapunguzwa mwendo na kuongezewa ngoma nzito. Ule msisimko unaokupanda kifuani umetoka huko. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, lakini katika sinema vyote viwili hutembezwa, tena na mafundi wale wale.

Basi anza kwa kuitazama trela bila sauti. Ngoma zikishatoka, tafuta kipande hata kimoja kinachodumu sekunde nne au tano bila kukatwa, uso wa mwigizaji ukionekana. Trela nyingi hukata kila baada ya sekunde moja au mbili, na kwa kasi hiyo mwigizaji hodari na wa kubahatisha hulingana. Kipande kirefu ndicho kinachoonyesha kama mtu anajua kusikiliza, kunyamaza na kubadilika uso. Ikiwa dakika mbili nzima hazina hata kimoja, usiseme uigizaji ni mzuri wala ni mbaya. Hujauona.

Kisha irudie ukiwa na sauti, macho yakifuata midomo. Ile sentensi nzito inayonukuliwa mitandaoni mara nyingi husikika huku tukionyeshwa bahari, gari au mgongo wa mtu. Pale mdomo usipoonekana, maneno yanaweza kuwa yameungwa kutoka sehemu mbili au tatu za filamu. Nyuso pia huazimwa: mmoja anasema neno, mwenziwe anaangua kicheko, kumbe alikuwa akicheka jambo jingine kabisa. Angalia nguo, angalia mwanga umetoka upande gani, angalia kilicho nyuma ya kila mmoja. Msemaji akiwa na dirisha la mchana nyuma yake na mchekaji akiwa kwenye taa za usiku, hao hawakuwa wakizungumza. Vichekesho ndivyo vinavyotegemea ushonaji huu kuliko filamu nyingine zote, na trela ya kichekesho ndiyo ninayoiamini kidogo zaidi, kwa kuwa mizaha bora ya filamu nzima huweza kumalizwa humo humo.

Lipo jambo ambalo trela husema kweli, nalo ni maamuzi yaliyokwisha kufanywa: nani ni steringi, wahusika wana umbo gani, kamera hukaa vipi, filamu imepigwa mahali halisi au studio. Trela ya kwanza ya Sonic the Hedgehog ilipotoka Aprili 2019, watazamaji waliilalamikia sura ya mhusika mkuu, mnyama aliyechorwa kwa kompyuta, hadi mwelekezi, Jeff Fowler, akaahidi kuichora upya, na filamu ikasogezwa kutoka Novemba 2019 hadi Februari 2020. Walioikataa sura ile walikuwa na hoja. Walioitangaza filamu nzima kuwa takataka walikuwa wakikadiria kazi ya kompyuta ambayo haikuwa imekamilika, na kazi hiyo karibu kila mara huwa ya mwisho kumalizika.

Hata habari ya waigizaji waliomo si ya kuaminiwa moja kwa moja. Trela ya Yesterday, filamu ya 2019, ilimwonyesha mwigizaji Ana de Armas, ambaye alikuwa ameondolewa kabisa katika filamu iliyotoka. Watazamaji wawili wa Marekani walishtaki, na Desemba 2022 jaji wa California akaamua kwamba trela ni tangazo la biashara na inaweza kubanwa na sheria za matangazo ya uongo. Kesi yenyewe ilitupwa mwaka uliofuata, lakini uamuzi ule juu ya trela unafaa kukumbukwa. Aina ya filamu pia hufichwa: trela za mwanzo za Wonka, ya 2023, hazikuonyesha wazi kwamba watu wataimba.

Wapenzi wa picha za Kihindi, ambao Mombasa ni wengi tangu zamani, wana taabu ya kinyume. Huko hufichwa kidogo na huonyeshwa kingi. Hutangulia kionjo kifupi, zikafuata nyimbo, halafu trela yenyewe ambayo aghalabu hukaribia dakika tatu, na mwisho wake huvuka hadi kwenye mambo ya baada ya mapumziko ya katikati ya filamu. Anayetaka kubakiziwa hadithi aizime katikati. Nusu ya kwanza inatosha kujua familia ni zipi na ugomvi ni wa nini.

Filamu zetu wenyewe zinahitaji kipimo kingine, na hapa ndipo ningependa wasomaji wawe wakali zaidi, kwa haki. Mtengenezaji wa Pwani hana kampuni ya kumkatia trela. Aliyehariri filamu ndiye huyo huyo aliyekata trela, pengine kwa kompyuta ile ile, kwa hivyo kasoro za trela mara nyingi ni kasoro za filamu. Sikiliza sauti kabla ya picha. Pakipigwa picha Mji wa Kale kuna kunguru, tuktuk, na adhana kwa nyakati zake. Kelele hizo si tatizo zikibaki palepale mazungumzo yakiendelea. Tatizo ni kelele kupanda anapoonyeshwa mmoja, ikatoweka anapoonyeshwa mwenziwe, au adhana kukatika katikati ya neno. Fundi anayejua kazi hurekodi angalau nusu dakika ya utulivu wa mahali pale pale, watu wote wakiwa kimya, akautandaza chini ya mazungumzo ili viungio visisikike. Mwangwi kama wa bafuni nao una maana yake: maikrofoni ilikuwa juu ya kamera, mbali na msemaji, ndani ya chumba chenye kuta tupu. Ilipasa iwe shubiri mbili tatu kutoka mdomoni. Trela iliyofunikwa muziki mwanzo hadi mwisho, bila hata sentensi moja ya mazungumzo safi, mara nyingi inaficha hilo.

Baada ya sauti, jua. Saa sita mchana hapa huwa utosini na hutia weusi wa kivuli machoni mwa watu. Waigizaji wawili wakizungumza uwanjani huku kivuli cha mmoja kimerefuka ardhini na cha mwenziwe kimejikusanya miguuni, ujue mmoja alipigwa asubuhi na mwingine adhuhuri, na hakuna aliyejali. Hilo halihitaji bajeti kubwa kulirekebisha, linahitaji ratiba. Lakini picha yenye chembechembe usiku, magari machache au nguo zisizo za kifahari ni ukosefu wa pesa, na kumdharau mtu kwa hilo si uhakiki. Vilevile msikilize mama wa Mvita anavyozungumza ndani ya trela: kama lafudhi yake ni ya bara, hakuna aliyemsahihisha, na kuna mengine mengi ambayo hayakusahihishwa.

Kuna trela bandia pia. Mwaka 2025 YouTube ilizikatia mapato chaneli kubwa zilizokuwa zikitengeneza trela za filamu zisizokuwepo kwa kuchanganya vipande vya zamani na picha za akili unde. Kabla ya kuisambaza kwenye kundi la WhatsApp, angalia imewekwa na nani. Kama si chaneli ya studio, ya mtengenezaji au ya msambazaji, tulia. Vidole, meno na maandishi ya ukutani yanayogeuka geuka ni dalili. Mwigizaji anayeonekana na umri tofauti kila kipande ni dalili kubwa zaidi, kwani vipande hivyo vimechotwa katika filamu zake za miaka mbalimbali.

Na wazazi: ile kadi ya kijani mwanzoni mwa trela za Marekani inaidhinisha trela, haisemi lolote kuhusu filamu. Cha kuangalia ni daraja la filamu kutoka bodi yetu ya kuainisha filamu, KFCB: GE ni ya wote, PG ni mtoto awe na mwongozo wa mzazi, kisha 16 na 18 ambazo ni miaka. Trela laini ya filamu ya 18 ni jambo la kawaida kabisa.

Kwa hivyo, Mhariri, naomba waandishi wako wa burudani wanaporipoti trela mpya waandike ni nani ameitoa, filamu ina daraja gani kama limeshatolewa, na kama kazi ya kompyuta imekamilika pale ambapo mtengenezaji amesema. Hukumu ya hadithi na uigizaji isubiri filamu. Wataje pia siku itakayoonyeshwa Mombasa na ukumbi gani, kwani tarehe ya Nairobi pekee haimfai mtu wa Likoni anayepanga kuvuka kivuko jioni na watoto watatu.

Mhariri wa video,
Tudor, Mombasa