Mwanangu, sikukugawa

Mwanangu mpenzi,

Juzi usiku uliikuta ile karatasi mezani, ukaisoma ukiwa umesimama, kidole chako kikifuata mstari mmoja mmoja mpaka kwenye sahihi yangu. Kisha ukaniuliza, "Mama, kwa hiyo umenigawa?" Nami nikakuambia ukalale. Hilo halikuwa jibu. Siku mbili hizi nimepanga begi la safari huku swali lako likinizunguka kichwani, na sitaki niondoke kabla sijakujibu. Una miaka 12, unastahili kuelezwa ukaelewa.

Sikukugawa. Ile ni amri ya mahakama ya ulezi wa muda, na hilo neno "muda" nililipigania. Rasimu ya kwanza haikuwa nalo. Ilisema tu kwamba utaishi kwa baba yako "wakati mama hayupo". Nikamuuliza wakili, hayupo mpaka lini? Akanyamaza kidogo, akachukua kalamu. Sasa imeandikwa kwamba utakaa kwa baba yako katika kipindi nilichopangiwa kazi ya mbali, na nikirudi tunarudia utaratibu wetu ule ule, wiki kwangu na wiki kwake.

Sikushikilia neno moja namna ile kwa ubishi tu. Kikosini kwetu yupo askari mwenzangu ambaye miaka ya nyuma alimwacha mwanawe kwa mzazi mwenzake kwa kuaminiana, bila maandishi yoyote. Aliporudi akaambiwa mtoto ameshazoea, shule ameizoea, marafiki anao, kumhamisha ni kumsumbua. Uchungu wenyewe ni kwamba maneno yale hayakuwa ya uongo. Mtoto kweli alikuwa amezoea. Yule mwenzangu akawa mzazi wa kumwona mwanawe kwa ratiba, na kosa lake lilikuwa kutii amri ya kazi. Yaliwapata askari wengi. Ndiyo maana Marekani, mwaka 2012, ilitungwa sheria ya mfano ambayo kila jimbo linaweza kuipitisha: mzazi akiwa ametumwa mbali na jeshi, mahakama isitoe uamuzi wa kudumu kuhusu mtoto wake bila ridhaa yake, na kule kutumwa peke yake kusihesabiwe dhidi yake. Si kila nchi ina sheria kama hiyo. Pasipokuwa nayo, mzazi anajilinda kwa maandishi, nami ndivyo nilivyofanya.

Ipo pia ile aya inayomtaja Bibi, najua ilikushangaza. Kwa kawaida zamu ya kukaa na mtoto ni ya mzazi, na mzazi akiondoka inaweza kupotea hivi hivi. Niliomba wikiendi moja katika kila mbili umwendee Bibi, kwa niaba yangu. Bibi hawi mzazi wako, anakushikia nafasi yangu tu. Nilitaka uendelee kuwasikia binamu zako wakigombana, na uendelee kuwa na kitanda chako upande wangu wa ukoo. Baba yako alikubali. Tena yeye mwenyewe ndiye aliyeongeza kwamba ripoti zako za shule nitumiwe siku hiyo hiyo anapozipata, na ukiugua niambiwe kabla ya kuulizia. Tumeshindwana katika mengi, mimi na yeye, lakini siku ile kwenye korido ya mahakama alinishikia begi nikitia sahihi. Nataka ulijue hilo. Ukicheka kwake, cheka. Ukipazoea, pazoee. Usinifichie furaha yako ukidhani itaniumiza, na usiwe mjumbe wa kubeba maneno kati yetu, sisi tuna simu.

Kuhusu kuzungumza nawe, amri inasema Jumatano na Jumamosi jioni kwa saa za kwenu. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto, wa mwaka 1989, unasema katika ibara ya 9 kwamba mtoto aliyetengana na mzazi ana haki ya kuendelea kuonana na kuwasiliana naye mara kwa mara, isipokuwa kama kufanya hivyo kunamdhuru. Haki hiyo imeandikwa kwa jina la mtoto, mwanangu. Ni yako kabla ya kuwa yangu. Kwa hiyo siku ukiwa umechoka, au huna la kusema, niambie tu, tutakaa kimya sote wawili kwenye simu huku unamaliza hesabu zako.

Na yatakuja majuma ambayo sitapiga kabisa. Kambini mawasiliano hufungwa, wakati mwingine bila taarifa, na sitaruhusiwa kukuambia sababu wala nilipo. Usikae ukihesabu dakika mbele ya simu. Nimeandika barua fupi fupi nimemwachia Bibi, zimefungwa moja moja. Jumamosi nisipopiga, mwombe moja.

Nimekutolea nakala ya ile karatasi, imo humu kwenye bahasha. Inakuhusu wewe kuliko mtu yeyote, na ulikuwa na haki ya kuelezwa kabla hujaikuta mezani. Hapo nilikosea, nisamehe.

Siku nikirudi sitakuja kukubeba na mabegi yako jioni ile ile, hata kama karatasi inaniruhusu. Nimewaona wenzangu wakifanya hivyo, mtoto analia njia nzima na mzazi haelewi kwa nini. Nitakuja kwa baba yako mchana, nikae nawe, kisha niondoke. Kesho yake tena. Utakuwa umerefuka, sauti yangu utakuwa umeizoea ya kwenye simu tu. Siku utakapokuwa tayari kulala nyumbani kwetu, utaniambia wewe.

Mama yako