Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Uzazi wa Samaki wa Mto Wetu

Ndugu wanachama,

Kuokota taka kingoni na kupanda miti kuliendelea mwaka huu, na hesabu atawasomea mweka hazina. Mimi naomba tuzungumzie samaki wa Mto Nairobi.

Tumezoea kushtuka tukiona samaki wameelea. Lakini mto waweza kuishiwa samaki bila hata mmoja kuelea: wakubwa wanazeeka na wachanga hawaonekani. Kwa samaki wengi wa mtoni jike hutaga mayai majini na dume huyamwagia mbegu, nazo huogelea kwa muda mfupi mno. Madini ya zebaki au risasi yakiwa majini, mbegu hizo zinadhoofika kabla ya kulifikia yai. Hata yai lililotungwa huhitaji oksijeni, na bakteria wanaoozesha majitaka ndio wanaoimaliza. Kambare naye hutaga mvua ikinyesha, kwenye nyasi zilizofurikiwa kando ya mto, mahali hasa tunapojenga na kumwaga kifusi.

Kuna pia homoni, yaani kemikali za mwili zinazoongoza mambo kama uzazi, zinazotoka vyooni mwetu. Huko Uingereza, chini ya mitambo ya kusafisha majitaka, walipatikana samaki madume wenye mayai ndani ya korodani. Kanada, kuanzia 2001, watafiti walitia homoni ya vidonge vya kupanga uzazi katika ziwa dogo la Ontario, nanogramu (sehemu za bilioni za gramu) 5 hadi 6 tu kwa lita. Madume wakaanza kutengeneza protini ya kiini cha yai, na visamaki vya aina moja vikakaribia kutoweka. Simlaumu mama yeyote kwa vidonge vyake. Lawama ni ya majitaka yanayoingia mtoni bila kusafishwa.

Mto Nairobi unatoka kwenye kinamasi cha Ondiri, unapita kando ya dampo la Dandora, unaingia Athi na kufika baharini karibu na Malindi. Uchafu wetu unasafiri na maji hayo.

Kwa hiyo kuokota plastiki pekee hakutoshi. Napendekeza michango ya mwaka ujao inunue vifaa vya kupimia oksijeni, tuwatafute samaki wachanga kila baada ya masika, na tuorodheshe kila bomba la majitaka linaloishia mtoni. Orodha tuipeleke kaunti. Tukipuuzwa, Kifungu cha 70 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinaturuhusu kwenda mahakamani bila kuthibitisha kwamba kuna mtu aliyedhurika. Naomba hoja hii ipigiwe kura leo.

Mwenyekiti