Barua ya malalamiko: glasi zilizoandikwa "rahisi kushika" ambazo hazishikiki

Wahudumu wa wazee majumbani,
Tanga.

Meneja,
Idara ya Huduma kwa Wateja.

Ndugu Meneja,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU SETI YA GLASI SITA ZENYE MAANDISHI "RAHISI KUSHIKA, ZINAFAA WAZEE NA WATOTO"

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Sisi tunahudumia wazee na watu waliopata kiharusi majumbani kwao, na kuchagua vyombo vyao vya kunywea ni sehemu ya kazi yetu. Tumenunua boksi tatu za seti yenu, yaani glasi 18, kwa jumla ya shilingi 108,000. Tulizichukua kwa sababu ya maandishi mawili yaliyo kwenye boksi: hayo ya kwenye kichwa cha barua hii, na yale ya ubavuni yasemayo "Kioo kilichokazwa, kwa vinywaji vya moto na baridi". Yote mawili si kweli. Tunaomba turudishiwe fedha, na tunaomba maandishi hayo yaondolewe kabla mtu hajaumia.

Tulipopiga simu, mhudumu wenu alitujibu kwamba glasi nzito ndiyo imara na kwamba mtu huizoea. Mkono wenye baridi yabisi hauzoei uzito. Ndiyo sababu tumechukua mizani ya jikoni na vernia ya fundi, kifaa cha kupimia upana na unene, tukapima, ili mazungumzo yawe juu ya namba.

Glasi yenu ina urefu wa milimita 102 na upana wa milimita 88, sawa juu na chini. Ubavu wake una unene wa milimita 3, kitako milimita 18. Ikiwa tupu ina gramu 440. Mkitaka kujua uzito huo umetoka wapi, pigeni hesabu ya kitako peke yake: duara la milimita 88 lenye unene wa milimita 18 ni sentimita za ujazo karibu 109, na kioo cha kawaida kina gramu 2.5 kwa kila sentimita moja ya ujazo. Hizo ni gramu 274. Zaidi ya nusu ya glasi ni kitako, na kitako hakiongezi hata tone moja la maji. Ukitia maji mililita 350, kiasi ambacho mtu yeyote angetia kwenye chombo kikubwa namna hiyo, mzee ananyanyua gramu 790. Ni karibu sawa na kubeba paketi ya unga ya kilo moja iliyopunguzwa kidogo, kwa ncha za vidole, mara kumi kwa siku.

Tunakiri kwamba mezani glasi hii haipinduki kirahisi. Kitako kizito kinaituliza, na kwa mtu anayegonga vitu akinyoosha mkono hilo ni jambo jema. Lakini kazi ya glasi haiishii mezani. Mtu anapoinamisha glasi anywe, kitako ndicho kinachopanda juu, mbali na vidole, na kifundo cha mkono ndicho kinachobeba. Kadiri maji yanavyopungua ndivyo anavyolazimika kuinamisha zaidi. Kwa hiyo mafunda ya mwisho ndiyo magumu kuliko yote, ingawa maji yamebaki kidogo. Wengi huacha theluthi ya mwisho ndani ya glasi. Kwa mzee wa pwani ambaye tayari anakunywa maji kidogo, theluthi hiyo tunaihesabu.

Upana nao ni tatizo, tena kwetu ndilo kubwa kuliko uzito. Milimita 88 maana yake mzunguko wa milimita 276. Kiganja cha mwanamke wa kawaida hakizunguki hapo. Kidole gumba kinabaki upande mmoja na vidole vinne upande wa pili, mbali mbali, vikibana kwa ncha tu. Mkono wenye afya hufidia kwa kubana zaidi. Kwenye mkono ambao vifundo vyake vimevimba, kubana zaidi ndiko hasa kunakouma. Mtoto wa miaka mitano hana ujanja hata kidogo, anaikumbatia kwa mikono miwili na kuinywa kama bakuli. Halafu mdomo mpana kiasi hicho humwaga maji kwa upana, na mtu ambaye upande mmoja wa midomo umelegea kwa kiharusi hulowa kifua kila anapokunywa.

Sasa ongezeni jasho la glasi. Hapa Tanga, hewa ikiwa na joto la nyuzi 31 na unyevu wa asilimia 75, umande huanza kujikusanya juu ya kitu chochote chenye baridi chini ya nyuzi 26 hivi. Maana yake maji yoyote ya friji yataitoa glasi jasho, hata yasiyo baridi sana. Kioo laini chenye ubavu ulionyooka, kikilowa, hakina pa kuzuia vidole visiteleze. Mmechora mistari, ni kweli, lakini tumeipima: ina kina cha nusu milimita, imesimama wima, na ipo kwenye milimita 20 za chini tu. Hakuna anayeshika glasi hapo. Hata ingepanda juu, mistari ya wima huzuia glasi isizunguke mkononi, haiizuii isiteremke. Kinachozuia kuteremka ni mabonde ya mlalo, au umbo lenyewe: glasi iliyopanuka kidogo kwenda juu hukaa juu ya vidole, kwa hiyo ikianza kuteleza inakabwa na upana wake yenyewe. Hii yenu ni bomba lililonyooka. Ikianza kuteremka haina mahali pa kusimama hadi sakafuni.

Kuhusu "kioo kilichokazwa", tunaliandika hili kwa uzito zaidi kwa kuwa ni suala la usalama. Glasi tatu kati ya 18 zimevunjika. Moja iliteleza. Mbili zilipasuka zilipotiwa chai ya moto, na zote mbili ufa ulizunguka pale ubavu unapokutana na kitako, kitako kikabaki mezani kama sahani. Ufa wa namna hiyo husema wazi kilichotokea. Chai inapoingia, uso wa ndani unapata joto na kutaka kutanuka mara moja, huku sehemu ya nje bado ina baridi. Kwenye ubavu wa milimita 3 joto hupenya upesi. Kwenye kitako cha milimita 18 halipenyi upesi, kwa hiyo ndani na nje vinavutana, na mvutano unakuwa mkali zaidi pale unene unapobadilika ghafla. Mteja akidhani glasi nene ndiyo salama kwa chai, amepotoka, na boksi lenu linamsaidia kupotoka.

Kioo kilichokazwa kweli hupashwa moto hadi nyuzi 600 na ushee, kisha hupozwa ghafla kwa upepo, ngozi yake ya nje ikabaki imebanwa. Kikivunjika hutawanyika vipande vidogo vidogo. Glasi zenu zilivunjika vipande virefu vyenye ncha, kimoja kina sentimita 9. Mnaweza pia kuhakikisha bila kuvunja chochote. Fungueni ukurasa mweupe kwenye skrini bapa ya kompyuta, vaeni miwani ya jua ya polaroidi, ile inayokata mng'ao, inamisheni kichwa taratibu hadi skrini ionekane nyeusi, kisha wekeni glasi katikati ya macho na skrini. Kioo kilichokazwa huonyesha mabaka na michirizi inayong'aa mwilini kote. Za kwenu, zote 15 zilizobaki, ubavu ulikaa mweusi, mwanga ukaonekana tu kama pete kuzunguka kitako. Pete hiyo si dalili ya kukazwa. Inaonyesha kwamba kitako hakikupozwa polepole vya kutosha kiwandani, na kwamba mvutano umebaki humo ukisubiri chai.

Kuna dosari nyingine ndogo: mshono wa kalibu, yaani chombo cha kuundia glasi, upo pande mbili na unapanda hadi mdomoni. Ukipitisha kidole unaukuta, na mdomo wa chini unaukuta vilevile. Kuupitisha ukingo kwenye moto kungeulainisha.

Tunajua mtatuuliza tunataka glasi ya namna gani. Tunaitaja kwa vipimo, kwa kuwa si kitu cha ajabu wala cha ghali. Upana wa mdomo milimita 74, katikati 68, kitako 62, urefu 110, ubavu milimita 2.5, kitako milimita 5. Glasi hiyo itakuwa na gramu 180 hivi na itachukua zaidi ya mililita 300 ikijaa. Ukiitia mililita 250 inakuwa gramu 430, kidogo kuliko glasi yenu ikiwa tupu. Mzunguko wa katikati ni milimita 214, kwa hiyo kidole gumba na vidole vingine vinakaribiana. Tieni mabonde matatu ya mlalo yenye kina cha milimita moja, kuanzia sentimita 4 kutoka chini, hapo ndipo mkono unaposhika. Kwa vinywaji vya moto, ama mkaze kioo kweli ama mtumie borosilikati, aina ya kioo kinachostahimili joto, kwani kioo cha kawaida hutanuka kwa joto karibu mara tatu ya borosilikati. Glasi za nyuso nyuso zilizokazwa si uvumbuzi mpya: Wafaransa wanatengeneza glasi iitwayo Picardie, yenye nyuso 9, tangu 1954. Na glasi nyembamba za chai zinazouzwa sokoni kwa bei ya chini kabisa, zile zenye kiuno, mzee anazishika vizuri kuliko za kwenu.

Msije mkaona dawa ni kubandika mshikio kwenye glasi hii hii. Mshikio unamfaa mtu ukiwa na nafasi ya vidole vinne, yaani uwazi wa urefu wa milimita 80 au zaidi, na milimita 35 kati yake na ubavu ili vifundo visiguse kioo chenye moto. Mshikio wa vidole viwili kwenye chombo cha gramu 790 huhamishia mzigo wote kwenye kifundo cha mkono. Ni bora usiwepo.

Kwa sasa wateja wenu wanajitengenezea: wanakata pete za tyubu ya pikipiki zenye upana wa milimita 15, wanaziosha kwa sabuni na kuvisha mbili kila glasi, mbali na mdomo. Zinasaidia kuzuia kuteleza. Upana na uzito zinauacha pale pale, na kwenye chai hazifai kwa sababu mpira ukipata moto hutoa harufu. Mtu aliyelipa shilingi 36,000 kwa boksi hapaswi kutafuta tyubu.

Madai yetu ni haya. Kwanza, mturudishie shilingi 108,000 zote. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inataka bidhaa iliyouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo, na hizi hazilingani. Pili, mfute maneno "kilichokazwa" na "vinywaji vya moto" kwenye maboksi yaliyobaki ghalani na madukani. Stika ya kufunika inatosha kwa kuanzia, ila iwekwe wiki hii. Tatu, kila boksi lichapwe uzito wa glasi ikiwa tupu, upana wake wa katikati na ujazo wake. Namba tatu tu. Anayemnunulia mama yake mwenye vidole vilivyopinda ataweza kuchagua akiwa amesimama dukani, badala ya kugundua nyumbani. Maneno "rahisi kushika" myatumie baada ya kuwapa glasi wazee wenyewe, ikiwa imejaa na imelowa nje, wakanywa hadi tone la mwisho kwa mkono mmoja.

Glasi 15 nzima tumezirudisha kwenye maboksi yake. Vipande vya zile tatu tumevifunga kwenye gazeti na kuviweka kwenye kopo lenye mfuniko, kila kimoja na kitako chake, ili fundi wenu avione. Risiti ya dukani imeambatanishwa, pamoja na picha tano: mbili za nyufa, moja ya kipande cha sentimita 9, na mbili za jaribio la skrini. Tutawakabidhi vyote siku mtakayotuma mtu.

Tunasubiri jibu la maandishi ndani ya siku 14 tangu mpokee barua hii. Siku hizo zikipita bila jibu, tutapeleka malalamiko rasmi Tume ya Ushindani chini ya Sheria ya Ushindani ya 2003, kwa kuwa maandishi ya boksi yanampotosha mnunuzi. Suala la maboksi yaliyoko madukani lisisubiri siku hizo 14.

Wenu,

Wahudumu wa wazee majumbani,
Tanga.

Viambatanisho: risiti moja, picha tano, karatasi ya vipimo vya glasi 15.

Nakala: Shirika la Viwango Tanzania (TBS).