Habari ya Gravano mmeikatia njiani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako. Mimi ni msomaji wa zamani, wa tangu enzi za gazeti moja kuzunguka kijiwe kizima hadi linachanika, na miaka yote hiyo nimesoma, nimekunja, nimenyamaza. Herufi zilizorukwa nimezivumilia. Ukurasa wa nyota nimeuvumilia. Lakini ile makala ya Jumapili kuhusu Salvatore Gravano wa New York, yule mnayemwita "Sammy Fahali", pamoja na lile lipicha lake la nusu ukurasa, imenishinda.

Mmetueleza vizuri tu alivyozaliwa Brooklyn mwaka 1945, akaingia genge la mafia la Gambino, akapanda ngazi. Mmetueleza ile jioni ya Desemba 1985, yeye na mwenzake wa genge John Gotti wameketi ndani ya gari Manhattan wakitazama mkubwa wao Paul Castellano akimiminiwa risasi mbele ya mkahawa. Gotti akawa bosi, na baadaye Gravano akawa wa pili wake. Kisha FBI, wapelelezi wa serikali ya Marekani, wakatega vinasa sauti kwenye nyumba iliyokuwa juu ya klabu yao, Desemba 1990 wakakamatwa, na mwaka uliofuata Fahali akahamia upande wa serikali kama shahidi. Tarehe 2 Aprili 1992 Gotti akatiwa hatiani, na baadaye akapewa kifungo cha maisha. Hapo mmeweka nukta. Mwisho wa makala mmemwita jasiri, mtu aliyeshinda woga na kuchagua ukweli.

Woga upi, Mhariri? Ukweli upi? Huyu bwana alikiri kuhusika na mauaji ya watu 19. Miongoni mwao alikuwa shemeji yake, ndugu wa mke aliyelala naye kitanda kimoja. Genge liliamua afe, naye akakubali. Kwa hao wote 19, kwa sababu ya ushahidi wake, mwaka 1994 alihukumiwa miaka mitano, na sehemu kubwa alikuwa ameshaitumikia akiwa mikononi mwa serikali. Miaka mitano ni miezi 60. Gawa kwa watu 19, utapata miezi mitatu na siku chache kwa kila roho. Hapa kwetu kijana anayekamatwa na kuku asiye wake anaweza kukaa rumande zaidi ya hapo akisubiri upelelezi ukamilike. Na wala hakutubu kwa kuota marehemu usiku. Alisikilizishwa kanda mahakamani, akamsikia Gotti akimsema vibaya nyuma ya mgongo wake na kumbebesha mizigo ya mauaji, akapiga hesabu zake akaona anaachwa pekee kwenye mataa. Hiyo ni biashara. Alikuwa na mali ya kuuza, serikali ilikuwa na haja ya kununua, wakaelewana bei. Sisemi Wamarekani walikosea kununua. Gotti alikuwa ameshawaponyoka mahakamani mara kadhaa na walikuwa wamechoka kuaibishwa. Nasema msituuzie sisi biashara hiyo mkaiita toba.

Na nusu ya pili ya habari mmeipeleka wapi? Maana ndiyo tamu kuliko yote. Serikali ilimpa ulinzi, jina jipya na maisha mapya, naye hakuyavumilia. Aliuacha mpango ule mwenyewe, akakaa Arizona akifanya kazi ya mabwawa ya kuogelea, hata akakubali kuhojiwa na gazeti la huko. Februari 2000 polisi wakamkamata, yeye, mzazi mwenzake na watoto wao wawili, kwa biashara ya vidonge vya kulevya vya ecstasy, maelfu kwa maelfu kila wiki, vikiuzwa kwa vijana wa rika la wanawe. Mwaka 2002 mahakama ya shirikisho ya Brooklyn, kulekule alikomwangusha Gotti, ikampa miaka 20. Watu 19, miaka mitano. Vidonge, miaka 20. Katikati ya hayo Peter Gotti, kaka wa yule bosi, akatiwa hatiani kwa kupanga Gravano auawe. Gravano ametoka gerezani mwaka 2017, na leo anakaa mbele ya kamera akisimulia mauaji yake kwenye YouTube, watu wanamsikiliza wakila chakula cha jioni. Hilo mmelijuaje mkaliacha? Au mwandishi wenu aliangalia video mbili akaona inatosha?

Kama mnataka jasiri, mngevuka bahari mkaenda Palermo, kisiwani Sicily, Italia. Mwaka 1973 mtu wa mafia aitwaye Leonardo Vitale aliingia polisi kwa miguu yake. Alisema dhamiri inamsumbua na Mungu anamwita. Akakiri aliowaua yeye, akawataja wakubwa, hadi Totò Riina, aliyekuja kuwa bosi mkuu wa mafia ya huko, ambaye wakati huo wengi hawakuwa wamelisikia jina lake. Walimwamini? Walimwona mgonjwa wa akili. Aliowataja karibu wote waliachiwa, yeye akapelekwa hospitali ya wendawazimu wahalifu kwa miaka. Alitoka mwaka 1984, na Desemba ya mwaka huohuo akapigwa risasi akitoka kanisani na mama yake. Na mwaka huohuo Tommaso Buscetta, mtu mwingine wa mafia, alikuwa anamsimulia hakimu mpelelezi Giovanni Falcone mengi ya yale ambayo Vitale alishayasema miaka 11 nyuma. Kwa Buscetta waliandika kila neno, wakamlinda, wakamtunza Marekani hadi akafa kwa ugonjwa mwaka 2000. Kwa maneno yake na ya wenzake watu 475 wakafikishwa kwenye kesi moja kubwa mwaka 1986. Mmoja alikuja na dhamiri, wa pili alikuja na siri za wakubwa wa dunia. Mkono mtupu haulambwi, hata Sicily.

Nasema hivi kwa uchungu kwa sababu mimi mwenyewe nimewahi kuwa shahidi, na sijawahi kumuua hata paka.

Duka la vifaa vya ujenzi la jirani yetu lilivunjwa usiku. Mimi usingizi wangu ni mwepesi siku zote, nikasikia bati likilia, nikachungulia. Vijana watatu walikuwa wanapakia mabati kwenye guta, wameweka blanketi katikati ya bati na bati ili yasipigane. Mmoja nilimtambua kwa mwendo tu. Amecheza chandimu mbele ya baraza langu tangu akiwa na meno ya utoto. Polisi walipokuja nikasema nilichokiona, nikaandikisha maelezo, nikatia sahihi. Sikuombwa, sikulipwa, sikuwa na kesi ya kupunguziwa. Baada ya muda ikaja samansi. Siku ya kwanza nilivaa kanzu safi nikaenda mapema. Kumbe pale mahakamani benchi la kusubiri ni moja tu, barazani, na wote tunakaa hapo: shahidi, mshtakiwa aliye nje kwa dhamana, shangazi zake na wadhamini wake. Mama yake kijana ni mtu tuliyezikana naye ndugu, lakini shikamoo yake siku ile sikuipata. Kisha karani akatoka mlangoni akaniita kwa sauti ya mnadani, jina langu, la baba, la babu, mtaa, na alipoona sijaitika upesi akaongeza, "Yule mzee wa nyumba ya jirani na msikiti!" Kama kulikuwa na mtu pale aliyekuwa hajui kwangu ni wapi, akajua. Tukaingia, tukaambiwa jalada halijafika, kesi imeahirishwa. Nikatoka, nikapanda daladala. Konda alipofika kwangu nikamnyooshea nauli, akaikataa: "Mzee, umeshalipiwa." Nani? Akaonyesha kwa kidole siti ya nyuma. Kijana alikuwa ameketi pale na wenzake wawili. Akanyanyua mkono kwa adabu kabisa. "Shikamoo, baba. Ukifika nyumbani msalimie mama."

Niambie, Mhariri, ile ni salamu ya namna gani? Ungeipeleka polisi ukasema nini? Kwamba nimelipiwa nauli na mtoto wa jirani akamsalimia mke wangu?

Nilirudi, na nilitoa ushahidi wangu, wakili wa utetezi akinihoji kuhusu miwani yangu utadhani mimi ndiye niliyeiba. Mashahidi wenzangu waliacha kuja mmoja mmoja. Mmoja akahama mtaa kabisa. Siwalaumu. Kesi ikafutwa kwa kukosa mashahidi. Nilipouliza posho ya shahidi nikaambiwa kuna fomu ya kujaza, na fomu zimeisha.

Sasa weka hilo kando ya mpango wa Marekani. Wana sheria ya kulinda mashahidi tangu mwaka 1970, wanaisimamia maofisa wao waitwao US Marshals, na watu zaidi ya 19,000, mashahidi na familia zao, wamepewa majina mapya, makazi mapya na pesa ya kuanzia. Wenyewe hujisifu kwamba hakuna aliyefuata masharti yao akauawa. Na wengi wa waliolindwa ni wahalifu wenyewe, kwa sababu ndio wanaojua yaliyomo ndani. Sisi Tanzania tuna sheria ya mwaka 2015 ya kuwalinda watoa taarifa na mashahidi. Jirani zetu Kenya wanayo ya kwao tangu 2006, na wakala mzima wa kazi hiyo. Karatasi tunazo. Lakini sheria haikukaa na mimi kwenye lile benchi, na sijaona gazeti lolote likienda kuuliza imefika baraza gani.

Na hapo ndipo nina neno lingine nanyi. Zamani gazeti hili lilikuwa na mwandishi wa mahakama, mtu anakaa pale na kalamu kutwa nzima, unasoma kesi ya shamba, ya mirathi, ya wizi wa mabomba, unajua nchi inakwendaje. Leo mahakama kwenu ni siku ambayo msanii amepelekwa na mzazi mwenzake. Zilizobaki ni habari za kuokota mtandaoni, mnazigeuza Kiswahili mbiombio, ndiyo maana mjini hapa bajaji zimebandikwa picha za majambazi wa New York, na vijana wanaitana Don. Mbaya zaidi, mnapoandika ya hapa nyumbani mnaanika mashahidi. Gazeti moja, sitalitaja, liliwahi kuandika shahidi kwa jina, umri, kazi na mtaa, huku mshtakiwa akifichwa kwa kuwa "ni mtoto wa mfanyabiashara maarufu".

Ushauri wangu kwa vijana ni kwamba wakiona wizi wafumbe macho, na wakishindwa kufumba, basi waue kwanza watu kama kumi hivi, wawe na cha kuuza, ndipo waende polisi. Watapata nyumba Arizona na bwawa la kuogelea.

Kwa mahakama sina makuu. Wekeni benchi la pili, nyuma ya masijala, upande wenye kivuli, na pazia la kitenge kama pesa ya ukuta haipo. Nitalichangia mimi hilo pazia. Karani aite namba, asiite mtaa. Nauli ya shahidi itolewe asubuhi anapofika, mkononi, ili akipanda gari awe na chake na asilipiwe na mtu. Mashahidi waruhusiwe kuondoka nusu saa kabla ya mshtakiwa, kwa mlango wa kule kwenye choo, maana huwa hauna foleni.

Kwenu gazeti: Jumapili ijayo chapisheni habari iliyobaki ya Gravano, kwa herufi zenye ukubwa uleule, kuanzia Aprili 1992 hadi leo, vidonge na vyote. Na mkiamua kuichapisha barua hii, jina langu mmeliona nyuma ya bahasha. Libaki hukohuko.

Ni mimi,
Msomaji wenu, Tanga