Mama Naila, usiwafungie watoto ndani

Mpenzi shoga yangu,

Salamu nyingi, natumai mko salama na baridi haijawamaliza. Sisi wazima, alhamdulillahi. Habari za kina Bi Mkubwa nitakupa kwa simu, ni ndefu na nyingine haziandikiki. Nimeona nikuandikie kabisa kwa sababu ya ile kauli yako kwamba mgahawani basi tena, mpaka Imu atimize miaka 5. Miaka 5! Na Shemeji kakubali?

Kwa ulivyonisimulia, kosa si la watoto. Mmeingia saa mbili usiku, mmekalishwa katikati ya ukumbi, kisha mkaagiza vyakula vya kuja kwa zamu. Mtoto wa umri wa Imu akikaa kitini nusu saa kwa utulivu, mshukuru Mungu. Na hiyo nusu saa inaanza pale anapofungwa mkanda, haingoji chakula kifike. Kwa hiyo kazi yako yote ni kufupisha ule muda kati ya kukaa na sahani kutua mezani.

Nendeni jiko likifunguliwa tu, kabla wateja hawajajaa. Piga simu kwanza uulize jiko linafunguliwa saa ngapi, maana mlango unaweza kuwa wazi mchana kutwa na mpishi hayupo. Kama jiko la jioni linaanza wakati wanao wameshaoga na kulala, basi nyinyi ni watu wa chakula cha mchana, mkubali tu. Kwenye simu hiyohiyo uliza viti vya watoto viko vingapi na wakuwekee, kama kigari kinapita, na kama pa kubadilishia nepi pako choo cha wanawake peke yake. Hilo la mwisho Shemeji asilisikie, atapata kisingizio.

Menyu isomeni nyumbani, muamue kabisa. Mhudumu akileta maji, toa oda nzima papo hapo. Wengi hushauri cha mtoto kitangulie. Mimi siafiki: mtoto anamaliza, anataka kushuka, na ndipo sahani yako inafika. Apate tu kitu cha kutafuna mara moja, kipande cha mkate kinatosha, halafu sahani zote zije pamoja. Bili iombe mkiwa bado mnakula, maana kungoja bili na mtoto aliyeshiba ni adhabu.

Meza omba ya ukutani, na Imu akae upande wa ukuta. Akikaa upande wa njia, supu za moto zinapita juu ya kichwa chake. Kiti kirefu kitikise kabla hujamweka. Angalia mkanda, hasa ule wa katikati ya miguu, maana huo ndio unaomzuia asiteleze chini, na mara nyingi ndio uliokatika. Kisogeze mbali kidogo na meza ili asiweze kuisukuma kwa miguu, akaenda nacho kinyumenyume. Kile chenu cha kubana kwenye meza msikifunge kwenye meza ya kioo, wala ya mguu mmoja, wala juu ya kitambaa. Kibano kinateleza au meza nzima inapinduka. Kitambaa chenyewe kikunje upande wake, akikivuta kinakuja na kila kilicho juu. Na chai yako! Hata dakika 15 baada ya kumiminwa bado inaweza kumbabua mtoto mdogo. Ikae mbali kuliko mkono wake unavyofika, na usiinywe umempakata.

Sahani ya mtoto ikifika, iguse kwanza. Kilichopashwa kwenye mikrowevu kina sehemu baridi na sehemu za moto mkali, kikoroge. Soseji zikate kwa urefu ziwe vijiti. Ukizikata vipande vya mviringo ndio umetengeneza kizibo cha koo. Zabibu zipasue kwa urefu mara nne. Njugu nzima asipewe kabla ya miaka 5.

Sasa mzio wa karanga wa Naila, hapa usifanye mzaha. Andika kadi kwa lugha ya huko, asome mzaliwa wa huko kabla hujaitumia, kwa sababu programu za tafsiri huweza kugeuza "asile" ikawa "hapendi". Kadi iseme: mtoto huyu akila karanga, hata kidogo, anaweza kufa, mafuta ya kukaangia, kisu na ubao visiwe vimegusa karanga. Omba ifike kwa mpishi, isiishie mfukoni mwa mhudumu. Mkihama tena kama ulivyodokeza, sheria nazo zinabadilika: ndani ya Umoja wa Ulaya mgahawa unalazimika kukueleza kuhusu vitu 14 vinavyoleta mzio, ilhali orodha ya shirikisho Marekani ina vitu 9 (ufuta uliongezwa 2023), nayo imelenga vyakula vya pakiti. Kadi yako haitegemei orodha ya mtu. Sindano yake ya dharura ikae mezani, si kwenye kigari mlangoni.

Halafu zile peremende na jeli za bure wanazowapa watoto, ulizia jelatini imetoka wapi, isije ikawa ya nguruwe. Na mchuzi, ulizia mvinyo.

Narudi kwenye kungoja. Beba vitu vitatu visivyolia wala kubingirika, ambavyo hawajaviona wiki hiyo, na utoe kimoja kimoja. Ukivitoa vyote pamoja, vyote vinachosha pamoja. Kabla ya kuingia watembezwe robo saa nje, hasa mkitoka kwenye gari. Simu ya katuni iwe akiba ya mwisho, bila sauti. Na mpatane mapema nani anatoka na mtoto akianza kulia. Anatoka palepale, mwingine anaomba chakula kifungwe. Makombo makubwa okoteni, na kabla ya kuacha bakshishi angalia kama huduma imeshaingizwa kwenye bili.

Haya niambie: jirani yenu yule anaweza kukusomea kadi? Imu ameshaanza kukaa bila kujipinda, au bado ni yuleyule? Sindano ya Naila inaisha muda wake lini? Jumamosi hii mnaweza kujaribu mchana? Na Shemeji aliona aibu kwa kelele, au kwa bili?

Wako,
Mama Salum