Slesha ya trekta isiuzwe bila minyororo yake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie chombo ambacho watu wengi hukiona kikipita barabarani nyuma ya trekta bila kukitilia maanani. Nacho ni slesha, ile mashine ya kufyekea majani na vichaka. Magazeti yanapochapisha picha za matrekta yanayokabidhiwa vikundi vya wakulima, mimi huangalia kwanza kilichofungwa nyuma ya trekta, viongozi nawaangalia baadaye. Mara nyingi naona slesha iliyo wazi mbele na nyuma, haina hata mnyororo mmoja wa kuzuia mawe yasirushwe na visu, na rangi yake bado inang'aa. Kwa hiyo hakuna dereva aliyeivua minyororo shambani. Iliuzwa hivyo hivyo.

Mimi ni fundi wa matrekta hapa Korogwe, na kazi zangu nyingi zinatoka kwenye mkonge. Mkonge hupandwa mistari miwili miwili iliyokaribiana, halafu inaachwa nafasi ya karibu mita nne kabla ya mistari miwili mingine. Katika nafasi hiyo ndimo trekta hupita na slesha masika yakiisha na majani yakiwa yamefika kiunoni. Humo humo wanapita wakataji wa mkonge, watoto wanaochunga mbuzi na kina mama wanaotafuta kuni. Majani yale yanaficha mengi: mawe, visiki, milingoti ya mkonge iliyoanguka. Kwenye mashamba ya zamani kuna pia misumari na vipande vya pau vya zile reli ndogo zilizokuwa zikipeleka mkonge kiwandani.

Sasa tupige hesabu. Shafti ya PTO, ile inayopeleka nguvu ya injini kwenye mashine iliyofungwa nyuma, kwenye matrekta mengi huzunguka mara 540 kwa dakika, yaani mara tisa kila sekunde. Gia boksi ya slesha huongeza mzunguko huo hadi kama mara 800 kwa dakika, na nyingine huzidisha hapo. Slesha ikiwa inakata upana wa mita moja na nusu, ncha ya kisu chake inakimbia zaidi ya kilomita 220 kwa saa. Kisu cha namna hiyo kikikutana na msumari wa reli, msumari unatoka kama risasi. Watengenezaji wengi wanaonya kwenye vitabu vyao vya maelekezo kwamba kitu kinaweza kurushwa mita 90 na zaidi. Dereva anayefyeka pembeni ya njia hawezi kumwona kila mtu aliye ndani ya mita 90.

Niliwahi kuitwa kwenye shamba la mtu binafsi, nje kidogo ya mji, kutengeneza slesha iliyovunjika kisu. Kisu chenyewe kilikuwa kimekatwa kutoka springi ya lori, kikatiwa makali kwa grainda, na baada ya kupata ufa kikachomelewa. Chuma cha springi ni kigumu, ila kikishachomelewa, pembeni ya mchomeleo panabaki pakavu, rahisi kuvunjika, na pigo moja la jiwe linatosha kupavunja. Kipande kilitokea nyuma kikampata kijana aliyekuwa amesimama ukingoni mwa shamba na dumu la dizeli. Kilimpata kwenye muundi, na hadi leo anachechemea. Watu waliokuwapo walisema ni bahati mbaya, wengine wakamlaumu dereva. Mimi niliinama nyuma ya slesha. Matundu ya kufungia minyororo yalikuwapo, yamepangwa vizuri toka upande huu hadi huu, na rangi ya ndani ya matundu ilikuwa haijakwaruzwa popote. Hakuna bolti iliyowahi kupita pale. Ungening'inia mnyororo pale, kile chuma kingeanguka chini ya slesha.

Siwatetei madereva wanaovua kinga. Lakini nimekaa nao sana, na sababu zao nazijua. Slesha nyingine huja na bati zima lililokazwa nyuma kwa bolti. Majani mabichi yakijaa, inabidi bati lifunguliwe ili uyatoe, na bolti zenyewe ziko chini, zimejaa matope. Dereva analipwa kwa ekari. Akifungua mara ya pili, ya tatu hafungi tena, bati linabaki chini ya mwembe. Hapo aliyekosea ni mbunifu wa mashine kabla ya dereva. Kinga inayozuia kazi itavuliwa, hata ukibandika mabango shamba zima.

Kinga inayofaa majani yetu ipo, na wala si ya ajabu. Ni minyororo mifupi inayoning'inia karibu kugusa ardhi, mistari miwili, ule wa nyuma ukiziba nafasi za ule wa mbele. Majani yanapita, jiwe linagonga mnyororo na kupoteza nguvu. Yote inashikwa na pini moja ndefu inayochomolewa kwa upande, ukasafisha ukairudisha bila spana. Ifungwe nyuma na mbele pia, maana mbele ndiko aliko dereva. Tena slesha isiinuliwe kwa haidroliki wakati visu vinazunguka ili ishushwe juu ya kichaka kirefu, jambo ninaloliona kila mwaka. Ikiwa juu, hakuna mnyororo wa kumlinda mtu yeyote.

Shafti nayo ina kinga yake, bomba la plastiki linalokaa juu ya beringi. Kila mwisho lina kamnyororo kembamba ka kufunga kwenye trekta na kwenye slesha ili bomba litulie shafti ikizunguka ndani. Hutu tuminyororo ndito tunatotupwa kwanza. Bila hutu bomba linazunguka na shafti, linapasuka msimu huo huo, halafu linavuliwa moja kwa moja. Shafti inayobaki wazi ikishika pindo la koti la mvua, shuka au kanga, kwa mizunguko tisa kwa sekunde huna muda hata wa kupiga kelele.

Viwango vipo. Kiwango cha kimataifa ISO 4254, sehemu ya 13, kinahusu mashine kubwa za kufyeka zenye visu vya kuzunguka, na ndani yake kuna jaribio la kupima vitu vinavyorushwa. Sisi tuna TBS, shirika letu la viwango, tuna CAMARTEC kule Arusha wanaojua kujaribu zana za kilimo, na tuna Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 ambayo OSHA wanaisimamia. Shamba kubwa linaweza kukaguliwa. Lakini trekta ya kukodi inayofyeka ekari tatu za mkorosho wa mzee mmoja kijijini haikaguliwi na yeyote. Kwa hiyo mahali pa kuikamata slesha ni pale inapoingia nchini au inapotoka karakana, kabla haijalipiwa. Wachomeleaji wetu wanaotengeneza slesha ninawaheshimu, wengine bati lao ni nene kuliko la kutoka nje. Wanaacha minyororo kwa sababu mnunuzi anaomba apunguziwe bei, na hakuna anayewakataza.

Halmashauri na taasisi zinazonunua kwa fedha za umma zinaweza kuanza mapema bila kusubiri kanuni mpya. Kwenye zabuni waandike: minyororo mbele na nyuma, kinga ya shafti yenye tuminyororo twake, visu halisi vya mtengenezaji na seti moja ya akiba. Ikifika bila hivyo, irudishwe.

Na wewe mwenye slesha nyumbani, kabla ya kazi za vuli zima injini, chomoa ufunguo, weka magogo imara chini ya slesha, kisha uitazame kwa chini. Kisu chenye mchomeleo kitoe, na mwenzake wa upande wa pili umtoe pia, maana uzito wa visu lazima ulingane. Matundu ya minyororo yakiwa matupu, ipeleke kwa mchomeleaji wiki hiyo hiyo. Asiyejua pini inavyofungwa aje, mafundi wa Korogwe tupo na kuonyesha hatutozi.

Fundi wa matrekta,
Korogwe, Tanga