Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Serikali: wagonjwa waulizwe kabla ya sindano ya ganzi

Ndugu Mganga Mkuu wa Serikali,

Pokea salamu zangu za heshima. Mimi ni tabibu wa kinywa na meno katika hospitali ya wilaya. Nakuandikia kwa ajili ya wagonjwa wachache ambao kung'olewa jino moja tu kunaweza kuwaua.

Ni watu wenye anjioedema ya kurithi, yaani ugonjwa wa ukoo wa kuvimba ghafla, wanaokadiriwa kuwa mmoja katika kila watu 50,000. Wengi wao wana upungufu wa protini ya damu iitwayo kizuizi cha C1. Jeraha dogo hutosha kuzidisha kemikali ya bradikinini, mishipa ikavuja maji na mwili ukavimba. Jeraha likiwa mdomoni, uvimbe unaweza kushuka kooni na kuziba pumzi. Na mara nyingi hauanzi mgonjwa akiwa kitini. Huja saa kadhaa baadaye, hata siku ya pili, akiwa ameshafika kijijini, pamba ameshaitema, na anadhani yamekwisha.

Akikimbizwa zahanati usiku huo atapewa piritoni, haidrokotisoni na pengine adrenalini. Hizo ni dawa za aleji. Uvimbe huu hauzisikii, na muda wa kuokoa pumzi unapotea.

Kinga ipo. Mgonjwa hudungwa kizuizi cha C1 kwenye mshipa muda mfupi kabla ya kung'olewa. Kisipopatikana, huongezewa plazima iliyogandishwa (sehemu ya majimaji ya damu) saa chache kabla, au huanzishiwa dawa ya kumeza ya danazoli siku 5 kabla na kuendelea nayo siku chache baadaye.

Naomba mwongozo wa tiba ututake tuulize kila mgonjwa: umewahi kuvimba midomo, uso au koo bila kuwashwa wala kutoka vipele? Kuna ndugu wa damu aliyefariki kwa kuvimba koo? Akisema ndiyo, na hakuna dharura, jino lisiguswe siku hiyo. Apelekwe rufaa, apimwe C4 (protini ya damu ambayo kwa kawaida huwa chini kwa wenye ugonjwa huu), kisha ang'olewe penye plazima na mtaalamu wa usingizi anayeweza kuingiza mpira wa kupitishia hewa kooni, na alazwe hadi kesho yake. Wenye shinikizo la damu miongoni mwao waangaliwe dawa zao pia, kwani dawa za presha za enalapril na captopril huwazidishia hatari ya kuvimba.

Kizuizi cha C1 ni ghali, nalijua hilo. Hata hivyo, naomba Bohari ya Dawa iweke akiba ndogo katika hospitali za rufaa za kanda. Maswali hayo mawili hayana gharama, na yanaweza kuanza kwa waraka wako mmoja.

Wako katika huduma,
Tabibu wa kinywa na meno